Entropia: Fumbo la ulimwengu ulioanza na mpangilio

CHAI ya moto ikiachwa mezani hupoa, lakini iliyopoa haijapata kuonekana ikijipasha moto yenyewe. Moshi wa udi ukishaenea chumbani haurejei chetezoni, na yai likipasuka halijiungi tena.

Wanafizikia hueleza mambo hayo kwa neno moja: entropia. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1865 na Mjerumani Rudolf Clausius, na limo katika kanuni ya pili ya themodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati. Kanuni hiyo husema kuwa katika mfumo usiopokea wala kutoa chochote, entropia haipungui. Ama huongezeka, ama hubaki ilivyo.

Mwaka 1877, Ludwig Boltzmann wa Austria alionyesha kuwa entropia ni kipimo cha idadi ya namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga bila sura yake ya nje kubadilika. Karata 52 zikifuatana kwa utaratibu mmoja maalumu, zina namna moja tu ya kuwa hivyo. Zikichanganyika, namna ni nyingi mno. Ndiyo maana ukizichanga huelekea kuvurugika. Kanuni ya Boltzmann imechongwa juu ya kaburi lake mjini Vienna.

Hata hivyo, hapo lilizuka swali gumu. Sheria zinazotawala mwendo wa chembe hazitofautishi jana na kesho. Kwa nini basi entropia iongezeke kuelekea upande mmoja tu wa wakati?

Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba leo kuna mpangilio kwa sababu jana ulikuwapo mkubwa zaidi, na juzi mkubwa kuliko wa jana. Ukirudi nyuma hivyo hivyo utafika mwanzo wa ulimwengu, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita. Ni lazima, basi, ulimwengu uwe ulianza na entropia ndogo sana.

Ushahidi wa hali ya wakati huo ulipatikana mwaka 1964, pale Arno Penzias na Robert Wilson walipotumia antena huko New Jersey, Marekani, na kunasa mawimbi hafifu kutoka kila upande wa anga. Ilibainika kuwa ni mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Mwaka 1992, watafiti wa setilaiti ya COBE walitangaza kuwa joto la mwanga huo hutofautiana kwa sehemu moja tu hivi katika 100,000. Gesi ya mwanzo, kwa hiyo, ilikuwa imetandazwa karibu sawasawa kila mahali.

Msomaji anaweza kuuliza: je, gesi yenye joto moja kila mahali si sawa na chai iliyokwisha kupoa, yaani entropia kubwa? Kwa gesi ya chumbani ndivyo. Lakini katika ulimwengu mzima, nguvu ya uvutano hukusanya mata na kuunda nyota na galaksi. Gesi iliyotandazwa sawasawa ilikuwa kama maji yaliyozuiwa juu ya bwawa, yakingoja kuteremka.

Mwisho wa mteremko huo ni mashimo meusi, ambayo Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walionyesha katika miaka ya 1970 kuwa yana entropia kubwa ajabu. Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu katika historia ya kuyatafuta: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, Kenya, ilisaidia kulitambua mojawapo, Cygnus X-1.

Roger Penrose wa Uingereza, mshindi wa Nobel ya mwaka 2020, alikadiria kuwa uwezekano wa mwanzo wa namna hiyo kutokea kwa bahati ni mmoja katika namba yenye sifuri nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana.

Mwaka 1981, Alan Guth wa Marekani alipendekeza kuwa ulimwengu ulitanuka ghafla mno mwanzoni, ukajilainisha. Penrose alipinga, akisema kuwa mtanuko huo nao ungehitaji mwanzo wa pekee. Mjadala haujafungwa.

Suala hili linagusa maisha ya kila siku. Jua, linaloivisha mahindi shambani, lilizaliwa kwa gesi kujikusanya, nalo linatumia akiba ya mpangilio ule wa awali. Bila akiba hiyo kusingekuwa na nyota wala mimea, na pasingekuwapo mtu wa kuikumbuka jana.