Gugli Juu ya Jamvi

Anayeshuka treni leo Park Station, katikati ya Johannesburg, anakanyaga uwanja wa kriketi. Hapo ndipo ulipokuwa Wanderers wa zamani, kabla ya reli kulichukua eneo lile. Usifikirie nyasi. Ilikuwa ardhi nyekundu ya changarawe, na katikati, pale mpira unapodundia, palitandikwa jamvi nene, likavutwa na kukazwa kwa vigingi.

Njia ya gugli inapita hapo, lakini inaanzia mezani. Mwingereza Bernard Bosanquet alikuwa na mchezo wa kudundisha mpira wa tenisi juu ya meza ili aliyekaa upande wa pili ashindwe kuudaka. Katika kuchezacheza huko akavumbua namna ya kukunja kifundo cha mkono hadi mpira unaoonekana utaelekea huku ukaelekea kule. Kwa kawaida, mpira wa kuzungushwa kwa kifundo ukishadunda humkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Wa Bosanquet ulimwingilia, na huo ndio gugli. Mwaka 1900, pale Lord's, ulimponza Samuel Coe wa Leicestershire akiwa na mikimbio 98, tena baada ya kudunda mara nne! Kichekesho, kwa kweli. Lakini mwaka 1904 huko Sydney, Bosanquet alichukua wiketi 6, yaani aliwatoa wapigaji 6, kwa mikimbio 51, England ikaondoka na Ashes, taji inaloshindania na Australia.

Ujuzi huo ulisafirishwa na Reggie Schwarz, aliyecheza naye Middlesex kabla ya kuhamia Afrika Kusini. Huko ukawaingia wengine watatu: Aubrey Faulkner, Bert Vogler na Gordon White. Kinachonishangaza ni kwamba Schwarz hakuwa na kigeugeu. Kila mpira wake uliingia upande uleule. Mpigaji alijua, na bado alitoka.

Sababu kubwa ilikuwa jamvi. Mpira wa kriketi una mshono uliotokeza, na ukidunda juu ya nyuzi, mshono huo hupata pa kung'ang'ania. Mpira hugeuka kwa kasi na kuruka juu, mara kifuani kwa mpigaji aliyekwisha kuinama kuupiga. Nyasi zina tabia nyingine: siku ya kwanza huwa laini na zenye huruma, na mpaka siku za mwisho udongo ukauke na kupasuka ndipo warushaji wa mpira wa kuzunguka wafurahi. Jamvi halikungoja. Asubuhi ya kwanza lilikuwa lilelile la jioni ya mwisho.

Januari 1906 England ililionja. Haikuwa England kamili, hilo lisemwe, na Afrika Kusini nayo ilikuwa timu ya Wazungu watupu. Pale Wanderers wenyeji walihitaji mikimbio 284 ili kushinda. Wiketi ya 9 ilipoanguka walikuwa na 239, bado 45. Dave Nourse, aliyemaliza na 93, akabaki na nahodha Percy Sherwell, mtu wa mwisho, wakaitafuta mpaka wakaipata. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Afrika Kusini katika mechi za Test, zile za mataifa, miaka 17 baada ya kuanza kuzicheza. Mfululizo ukaisha 4–1.

Mwaka uliofuata wanne wale walivuka bahari kwenda England, wakiliacha jamvi nyuma. Pale Headingley mvua ilikuwa imeulainisha uwanja, na Faulkner akawatoa Waingereza 6 kwa mikimbio 17. Wote wakaishia 76. Lakini tope ni la mwenye nalo. Colin Blythe wa Kent, aliyezungusha mpira kwa vidole wala si kwa kifundo, na aliyelelewa na viwanja vyenye unyevu, alichukua wiketi 15 kwa mikimbio 99. Wageni walishindwa kwa mikimbio 53, na huo ndio uliokuwa mchezo pekee uliopata mshindi kati ya mitatu.

Jamvi lilianza kukunjwa taratibu. Newlands, Cape Town, ndiko mechi ya Test ilikochezwa juu ya nyasi kwa mara ya kwanza nchini humo, Januari 1931. Kama kuna mpigaji aliyedhani amepumua, msimu wa 1935–36 alifika Clarrie Grimmett wa Australia, mzungushaji wa kifundo aliyetimiza miaka 44 akiwa safarini. Katika mechi tano alichukua wiketi 44.