Maradhi Yaliyozuiwa kwa Chakula

Zamani mtoto mwenye akili iliyodumaa alihesabiwa kuwa hana tiba, na waganga wengi hawakujisumbua kutafuta asili ya maradhi yake. Huko Norwei alikuwako mama asiyekubali hukumu hiyo. Watoto wake wawili walikuwa na akili zilizodumaa, na mikojo yao ilikuwa na harufu ya uvundo isiyoondoka. Alihangaika kwa madaktari miaka mingi, hata mwaka 1934 akamfikia Daktari Asbjørn Følling wa Oslo, ambaye pia alikuwa bingwa wa kemia.

Følling alitia kloridi ya chuma katika mikojo ile, nayo ikageuka rangi ya kijani, jambo ambalo hakupata kuliona. Akachunguza mpaka akagundua asidi isiyotazamiwa kuwamo. Leo maradhi hayo huitwa fenilketonuria.

Fahamu, msomaji, kwamba ndani ya protini ya nyama, maziwa na maharagwe mna kitu kiitwacho fenilalanini. Kwa desturi kimeng'enya cha ini hukigeuza kiwe kitu kingine chenye manufaa. Lakini mtoto akirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo. Fenilalanini hujaa katika damu na kuudhuru ubongo unaokua. Wazazi wenyewe huwa wazima, wala hawana habari.

Kujua asili si kuponya. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, mama mwingine alimngojea Daktari Horst Bickel kila asubuhi mlangoni pa maabara, akimdai dawa ya binti yake. Basi Bickel na wenzake waliivunjavunja protini ya maziwa kwa asidi, wakaichuja kwa makaa yaliyonasa fenilalanini. Mtoto aliyekuwa hawezi kusimama akaanza kutambaa na kusimama. Kisha wakairudisha fenilalanini katika chakula pasipo kumwambia mama, na mtoto akadhoofika upesi. Ushahidi ulikuwa wa nguvu, ila mimi siwezi kuusifu ufiche ule. Habari zilichapishwa mwaka 1953.

Hata hivyo mtoto yule hakupona kabisa, kwani alikuwa amechelewa. Ndipo Robert Guthrie wa Marekani akabuni njia ya kupima tone la damu ya kisigino, lililokaushwa juu ya karatasi, siku chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts liliufanya upimaji huo kuwa sheria.

Dawa iitwayo sapropterini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2007, husaidia baadhi ya wagonjwa tu. Wengi wangali wakipima chakula chao kwa mizani.