Brigedi za Serowe: Vijana Waliojenga Shule Isiyokuwa Yao

Mhariri alipotaka makala ya historia, bila shaka alitarajia habari za shule yetu wenyewe. Atanisamehe. Nimeona niwasimulie, wenzangu wa zamani pamoja nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, habari za shule nyingine iliyo mbali, huko Botswana. Shule hiyo ilijiuliza swali ambalo shule nyingi za sekondari hazikuthubutu kujiuliza: wale waliokosa nafasi ya kuingia hapa, tunawafanyia nini?

Shule yenyewe ni Swaneng Hill, katika mji wa Serowe. Mwanzilishi wake, Patrick van Rensburg, alikuwa mzungu wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Durban mwaka 1931. Alikuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Léopoldville, akajiuzulu mwaka 1957 kwa kuchukizwa na siasa ya ubaguzi wa rangi. Sisi watumishi wa serikali tunajua kwamba kuacha kazi ya namna hiyo kwa hiari si jambo dogo. Mwaka 1960 ikambidi aikimbie nchi yake, na hatimaye akafika Bechuanaland, kama Botswana ilivyoitwa kabla ya uhuru wa 1966.

Swaneng Hill ilifunguliwa Februari 1963 ikiwa na wanafunzi wasiofika 30. Fedha hazikuwapo. Walimu, wanafunzi na watu wa kujitolea kutoka ng'ambo walichimba misingi na kujenga madarasa kwa mikono yao. Lakini kadiri shule ilivyokua, ndivyo jambo jingine lilivyozidi kuonekana. Watoto wengi waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya sekondari hata kidogo. Kwa umri walikuwa bado wadogo, ajira hazikuwapo, na wengi mawazo yao yalielekea migodini Afrika Kusini.

Mwaka 1965 van Rensburg akaanzisha Brigedi ya Wajenzi. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza. Shule inahitaji majengo, nao vijana wanahitaji ufundi. Basi vijana wajenge chini ya mafundi wanaojua kazi, na thamani ya kazi yao ilipe gharama za mafunzo. Sehemu nne katika tano za muda wao zilikuwa za kazi, na sehemu moja ya darasani, ambako walijifunza nadharia ya ujenzi, uchoraji wa ramani, hesabu na Kiingereza. Kijana aliyeshika timazi na pima maji Jumatatu alikuja kuelezwa darasani kwa nini ukuta usionyooka hauwezi kubeba paa.

Brigedi nyingine zikafuata: za wakulima, za maseremala, za watengeneza ngozi, za wafumaji. Mpango ukaenea katika miji mingine, kama Kanye, Mochudi na Molepolole. Mwandishi Bessie Head, naye mkimbizi kutoka Afrika Kusini aliyeishi Serowe tangu 1964, aliwahoji watu wa brigedi na kuyaweka maneno yao katika kitabu chake juu ya mji huo kilichotoka 1981. Mwaka huohuo van Rensburg alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden.

Hata hivyo si vema tukaisimulia habari hii kama hadithi ya ushindi mtupu. Hesabu ya brigedi ilikuwa ngumu. Mwanafunzi anayeanza huvunja matofali, humwaga saruji, na ukuta wake hubomolewa ukarudiwa. Huyo hula fedha kuliko anavyoingiza. Anayekaribia kumaliza ndiye anayeleta faida, na huyo ndiye anayeondoka. Majengo ya shule yalipopungua, ilibidi kutafuta kandarasi nje. Na kandarasi ina tarehe yake. Tarehe ikikaribia, ni rahisi sana kusema darasa la wiki hii lisubiri, au kumwacha kijana apige lipu miezi mitatu mfululizo kwa sababu ameshaizoea, ilhali linta na kenchi hajazigusa. Hapo mafunzo hugeuka kuwa kibarua cha bei nafuu. Katika miaka ya 1970 baadhi ya brigedi zilikwama kifedha. Serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, na mwanzoni mwa karne hii ikazichukua kabisa na kuzifanya vyuo vyake. Binafsi sioni ruzuku kuwa aibu. Hakuna aliyepata kuidai sekondari ijilipie gharama zake. Kwa nini adaiwe mtoto wa fukara peke yake?

Jambo la pili lilimsumbua van Rensburg zaidi, naye aliliandika waziwazi. Wanafunzi wa sekondari na vijana wa brigedi walikuwa pale pale, lakini hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa njiani kwenda ofisini, mwingine alikuwa anamjengea darasa. Na wanafunzi wa sekondari hawakuipenda sana kazi ya mikono waliyotakiwa kujitolea. Nasi Tanzania tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu Machi 1967, na wazee waliosoma wakati huo watasema wenyewe ni mara ngapi jembe la shule lilitumika kama adhabu. Ukimfundisha mtoto kwamba mchelewaji ndiye alimaye, usishangae akikua anamdharau mkulima.

Van Rensburg alifariki 2017. Majengo ya vijana wale yamewahudumia wanafunzi wengi ambao majina ya waashi wake hawayajui.

Sasa nije kwetu. Wote mnajua kwamba chama chetu kinachangisha fedha za bweni jipya. Nimesikia tayari mazungumzo ya kumpa mkandarasi mmoja kazi yote. Nje ya uzio wetu wapo vijana wa vijiji jirani waliomaliza darasa la saba na kukaa tu. Napendekeza nusu ya kazi ya uashi ifanywe nao, chini ya mafundi wa kweli wanaolipwa ipasavyo; siku moja kila wiki waingie darasani kwetu, wafundishwe hesabu na uchoraji na walimu wetu; na mwishoni wapelekwe kwenye majaribio ya ufundi ya VETA, ada ikitoka katika mfuko wa bweni. Bweni litachelewa, pengine kwa miezi kadhaa, na gharama ya mafunzo iandikwe wazi katika bajeti, isifichwe ndani ya bei ya matofali. Hoja hii nimemkabidhi katibu kwa maandishi ili isomwe katika mkutano mkuu. Wanaoipinga waje na hesabu zao, nami nitakuja na zangu.