Ubavu wa Tairi

Fundi pancha wa Muheza hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza: "Dada, umetembea nalo umbali gani likiwa halina upepo?"

Nilikuwa nampeleka bibi kliniki ya macho mjini Tanga kwa gari dogo nililoazima kwa mjomba. Kabla ya kufika Muheza usukani ulianza kuvuta kushoto. Sikusimama. Bibi alikuwa na miadi saa nne, nikajiambia mjini si mbali, nitaziba hukohuko.

"Kama kilomita mbili," nilijibu.

Fundi akalitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani, akautoa umejaa vumbi jeusi kama masizi. "Unaona? Limejisaga lenyewe." Kisha akanionyesha tundu. Msumari haukuingia sehemu inayokanyaga barabara. Uliingia pembeni, ubavuni. "Ungekuwa hapa katikati ningekuzibia sasa hivi. Hapa siwezi. Nikiziba, Tanga utafika labda. Kurudi sijui."

Nikampigia mjomba. Miaka ya 1980 alikuwa utingo wa malori kabla hajawa dereva. "Mjomba, huyo anataka kukuuzia tairi," alisema. "Mwambie aweke kiraka kwa ndani. Sisi matairi tulikuwa tunayashona."

Mkobani nilikuwa na shilingi 70,000, na hizo zilikuwa za dawa za bibi. Nikakaa kwenye benchi la fundi, kati ya watu wawili ambao wote wanayajua matairi kuliko mimi.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ugonjwa wetu sisi wa historia ni kuuliza swali lilianza lini. Hili la kuziba au kubadilisha lina umri karibu sawa na tairi lenyewe. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili hataza ya tairi la upepo alilomtengenezea mwanawe kwa ajili ya baiskeli yake. Lilikuwa tairi zuri, lakini liligundishwa kwenye rimu. Mwaka uliofuata, huko Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, mwendesha baiskeli mmoja alipeleka tairi la namna hiyo, likiwa na pancha, kwenye kiwanda cha akina Michelin. Inasimuliwa kuwa kazi ya kulibandua na kuliziba iliwachukua muda wa saa tatu, kisha gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Kesho yake tairi halikufika mbali. Ndugu hao wakaamua kutengeneza tairi linalovuliwa na kuvalishwa kwa urahisi, na mwaka 1891 Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya baiskeli ya Paris–Brest–Paris. Safari ya Michelin katika matairi ilianza kwa pancha iliyoshindikana kuzibika vizuri.

Dunia ikapenda matairi, na matairi yakataka mpira. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, hadi mwaka 1908 utawala wake ulipokoma, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa porini cha kupeleka. Walioshindwa walichapwa, walishikiwa wake zao, waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Huku kwetu Wajerumani walipanda miti ya mpira katika maeneo ya Tanga. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa mwingi na rahisi, na mashamba mengi yakaachwa yawe pori.

Miti ile haikutoweka. Ukila kisamvu cha mpira leo, unakula majani ya ndugu zake.

Nilipomwambia bibi habari hizi, pale kivulini alipokaa akijipepea kwa mtandio, alicheka. "Unanifundisha mimi mpira? Baba yangu alichukuliwa kugema, wakati wa vita ya Hitila. Alikuja jumbe na karatasi yenye majina."

Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kujua kwamba yanamhusu mtu wa kwetu. Mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya na visiwa vya Indonesia, ulikotoka mpira mwingi wa dunia. Marekani ilianza kugawa matairi kwa kibali. Waingereza nao wakayafufua mashamba yaliyoachwa ya Tanganyika, na watu wakachukuliwa kwa amri kwenda kugema. Baba yake bibi hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Nikamweleza bibi ubishi wa mjomba na fundi. Akanyamaza kidogo. "Mjomba wako kasema walikuwa wanashona?"

"Ndiyo, bibi."

"Ni kweli, walikuwa wanashona."

Na ilikuwa kweli. Baada ya vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978 hadi 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichoanzishwa mwaka 1969, lakini hata kiwanda kinahitaji malighafi na vipuri kutoka nje. Magari yaliwekwa juu ya mawe. Aliyepata tairi alilitumia mpaka likawa kipara, likipasuka akakata kipande cha tairi lingine, akakilaza ndani, akashona, akaweka tyubu. Na tyubu ndiyo siri ya jibu la mjomba: yenyewe ilibeba upepo, tairi likawa ngozi ya kuilinda.

Tairi la gari hili halina tyubu. Upepo unashikwa na tairi lenyewe. Fundi alinionyesha kwa kidole: chini ya sehemu inayokanyaga barabara kuna mpira mnene na mikanda ya nyuzi za chuma, kwa hiyo tundu lisilozidi milimita 6 hapo huzibika kwa kiraka cha ndani chenye kizibo. Ubavu ni mwembamba, una nyuzi tu, na hujikunja kila gurudumu linapozunguka, zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita. Kiraka hakivumilii kukunjwa hivyo. Na zile kilomita mbili nilizotembea bila upepo zilikuwa zimeshasaga nyuzi zenyewe. Pengine hata msumari ungeingia katikati, ningekuwa nimeshaliua.

"Mpigie mjomba wako," bibi alisema. "Mwambie nimesema akusimulie habari za lile lori la Korogwe."

Nikampigia. Nikamwambia maneno ya bibi kama yalivyo. Kwa muda nikasikia redio tu upande wake.

"Bibi yupo hapo?"

"Yupo, mjomba."

"Nunua tairi," alisema. "Nitakurudishia mwisho wa mwezi." Akakata simu.

Jipya lilinishinda bei. Fundi alikuwa na la mtumba la shilingi 55,000. Kabla sijalipa alinifundisha kusoma tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka lilipotengenezwa. Tukayakataa mawili yaliyokuwa mazee kuliko yalivyoonekana, tukachukua la tatu. Dawa tulinunua nusu.

Kliniki tulifika saa sita, tukakaa mwisho wa foleni. Lori la Korogwe sijasimuliwa mpaka leo. Nimemuuliza mjomba mara moja tu, akaniuliza nami tasnifu yangu imefika wapi.

Lile tairi bovu fundi alitaka abaki nalo. Yupo mtu, alisema, anayapitia kila Jumatatu kwa ajili ya kukata katambuga. Nilikuwa nimeshakubali, bibi akanizuia.

"Liweke kwenye buti," alisema. "Hilo tumeshalilipia."