Nani Analipia Jicho la Angani?

Majuzi nilikuwa nimekaa kwa keja, bundles karibu ziishe, nikafungua Google Earth nitafute nyumba ya shosho ushago. Nikaipata. Paa la mabati, mwembe, choo cha nje, hadi ile njia ya ng'ombe. Lakini hiyo nyumba ilibomolewa mwaka jana, na kwa picha bado imesimama. Nikaanza kujiuliza: hii picha ilipigwa na nani, na nani alilipa? Shosho hakuulizwa, na mimi sijawahi kulipia hata shilingi.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hii si lekcha. Ni historia niliyoifuata usiku kadhaa, na imenibadilisha mawazo kuhusu kitu kimoja: ile hadithi kwamba kampuni za teknolojia hujijenga zenyewe sokoni, serikali ikikaa kando.

Tuanze Marekani, Julai 1972. NASA inarusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Doti moja ya picha yake ilifunika karibu mita 80 ardhini, yaani karibu uwanja mzima wa mpira. Nyumba ya shosho haingeonekana kamwe, lakini misitu, maziwa na mashamba yalionekana vizuri. Ilikuwa mali ya umma.

Halafu ikaja serikali ya Reagan na imani yake kwamba biashara inaweza kila kitu. Mwaka wa 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuipeleka Landsat sokoni, na mwaka uliofuata kampuni moja, EOSAT, ikapewa kazi ya kuziendesha na kuuza picha. Unajua kilichofuata? Bei. Picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Watafiti na wanafunzi wakakaa kando, wateja hawakutosha, na mwaka wa 1989 pesa za uendeshaji zilipungua hadi setilaiti zikakaribia kuzimwa. Ufaransa nayo ilikuwa tayari angani na SPOT tangu 1986, na picha zake zilikuwa kali zaidi.

Mwaka wa 1992 Marekani ikageuza gia. Sheria mpya ikarudisha Landsat kwa serikali, na wakati huohuo ikafungua njia ya kampuni binafsi kupata leseni za setilaiti zao wenyewe. Mwaka wa 1994 Clinton akaruhusu picha kali ziuzwe hata nje ya nchi, lakini kwa sharti: serikali ikiona usalama wake uko hatarini, inaweza kuagiza kamera zifungwe. Septemba 1999 Ikonos ikapaa, na kwa mara ya kwanza raia wa kawaida mwenye pesa angeweza kununua picha inayoonyesha kitu cha mita 1. Gari. Paa.

Sasa shika hapa. Oktoba 2001, vita vya Afghanistan vinaanza. Serikali ilikuwa na ile haki ya kufunga kamera. Haikuitumia. Ilitoa tu pesa, karibu dola milioni 1.9 kwa mwezi, ikanunua haki ya picha zote za Ikonos za eneo hilo. Mwanahabari aliyetaka kuona mabomu yameanguka wapi hakuwa na pa kununua. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mteja alikuwa na pesa nyingi kuliko wengine, basi.

Kuanzia hapo mteja ndiye akawa kila kitu. Mwaka wa 2003 sera ya Bush iliagiza mashirika ya serikali yategemee picha za kampuni kadiri inavyowezekana. Mwaka wa 2010 kampuni mbili, DigitalGlobe na GeoEye, zikapewa mikataba yenye thamani ya hadi dola bilioni 7.3 kwa jumla. Mwaka wa 2012 serikali ikabana bajeti upande wa GeoEye, na Januari 2013 GeoEye ikawa imemezwa na mwenzake. Mteja mmoja alikunja mkono, kampuni nzima ikapotea. Hilo ni soko huria kweli?

Hata Google Earth yenyewe. Ilitokana na kampuni ndogo inayoitwa Keyhole, iliyopata pesa kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji unaofadhiliwa na CIA, kabla Google haijainunua mwaka wa 2004.

Na mambo hayajabadilika. Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda Ukraine isitumie mfumo wake wa picha za kampuni. Setilaiti zilikuwa palepale juu, zikipiga picha kama kawaida. Aliyelipa alisema ngoja.

Sasa nyumbani. Malindi ilirusha setilaiti kuanzia miaka ya sitini hadi 1988 chini ya Waitaliano, na Uhuru, iliyochunguza miale ya eksirei angani, iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Aprili 2023 tukapeleka Taifa-1 juu, kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Nilishangilia kama wewe.

Lakini wasee, setilaiti moja haifanyi biashara. Tukitaka vijana wetu waanzishe kampuni za picha za ukame, mafuriko na msitu wa Mau, swali la kwanza ni nani atanunua mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano. Marekani ilijibu kwa mikataba ya miaka. Sisi mara nyingi tunajibu kwa hotuba na kikombe cha chai.

Na serikali ikinunua, tudai picha za kawaida zibaki za umma. Landsat ilipofanywa bure kuanzia 2008, upakuaji ulivuka milioni moja kwa mwaka, wakati mwaka bora wa mauzo ulikuwa kama picha 25,000 tu. Mkulima wa Kitui hatalipa dola 4,000, na mwanahabari wa Turkana hafai kuambiwa kuna mtu ameshanunua zote.

Mimi nimehifadhi ile picha ya nyumba ya shosho. Siku yoyote mtu nisiyemjua ataweka mpya, na itakuwa kiwanja kitupu.