Bunduki ya Abti

Abti, mjomba wangu, aliacha bunduki ya .22 aliyoitumia kulenga shabaha Nairobi. Kisheria cheti hakirithiwi: niombe changu ama niisalimishe polisi. Mimi niliyeacha chuo, sina mali yoyote, niliitaka sana.

Lakini nyumbani ni Masalani. Desemba 1963, mwezi ule ule wa uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Vita vya Shifta viliisha 1967. Sheria za hatari zikadumu hadi 1991. Miaka hiyo, Msomali mwenye bunduki alikuwa shifta kwanza, maelezo baadaye.

Ayeeyo, aliyemzaa Abti, aliniuliza tu, "Mlio ukisikika huku, nani atajua unacheza?"

Nimeisalimisha. Nimebaki na shabaha yake ya karatasi, matundu matano katikati.