Inua Kidevu Kidogo

Kila Mkenya mwenye kitambulisho amewahi kupewa amri tatu na mtu asiyemjua: kaa hapo, angalia hapa, usicheke. Sekunde chache tu, halafu unaishi na ile sura miaka. Tunaificha ndani ya waleti, tunaifunika na kidole gumba mtu akiomba kuiona, tunaapa ati huyo si mimi. Na kuna ukweli hapo. Yule ni mtu aliyeambiwa atulie, na hakuambiwa kitu kingine chochote.

Mimi napiga picha kwenye studio ndogo katikati ya Nairobi, ghorofa ya tatu, lifti siku ikikubali. Asubuhi naweza kuwa na mhitimu aliyekodi joho pamoja na ukoo mzima. Mchana anakuja dada anayeuza nguo mtandaoni na mwanamitindo wake. Jioni ni wapenzi wanaotaka picha ya kadi ya harusi. Watu hudhani kazi hii ni taa na lenzi. Taa nikishazipanga, naweza kukaa nusu saa nzima bila kuzigusa. Mdomo ndio haupumziki: geuka kidogo, shusha bega, pumua, hapo hapo, inua kidevu kidogo.

Maneno haya niliyarithi kwa aliyenifundisha kazi, naye aliyarithi kwa mwingine. Siku moja nikaanza kuyafuatilia yalikotoka. Nani alianza kumwambia mwenzake aushike mwili wake vipi mbele ya kamera? Na yule aliyeambiwa, alikuwa na uwezo wa kukataa? Swali la pili ndilo lililoniweka macho usiku nikisoma, kwa sababu jibu lake hubadilika sana ukihama kutoka mji hadi mji, na kutoka mteja hadi mteja.

Amri ya kwanza kabisa ya studio ilikuwa: usitikisike. Mwaka wa 1839, njia ya Louis Daguerre ya kupiga picha ilipotangazwa Paris, bamba la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika nyingi za mwanga. Ndani ya miaka michache kemikali na lenzi ziliboreshwa, muda ukashuka hadi chini ya dakika moja. Lakini hebu jaribu kukaa bila kutikisika hata sekunde ishirini. Kwa hiyo wapiga picha wakaleta stendi ya chuma yenye mkono wa kushika kisogo, ikawekwa nyuma ya mteja asionekane ameshikwa. Kwenye picha nyingine za zamani utaona mguu wa hiyo stendi ukichungulia nyuma ya viatu. Ndiyo sababu mojawapo ya watu wa enzi zile kuonekana wamenuna. Tabasamu ukilishikilia sekunde ishirini hugeuka kitu kingine, na kichwa kikiwa kwenye chuma hata hamu ya kucheka inaisha.

Huku kwetu, studio ziliingia kupitia pwani. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa wakifanya kazi Zanzibar. Masultani walipigwa picha, matajiri wakapigwa, na upande mwingine zikatengenezwa postikadi za kuwauzia wageni walioshuka melini. Nyingi za postikadi hizo zinaonyesha wanawake ndani ya studio: mkono kiunoni, kanga imefungwa kifuani, uso umegeuzwa kidogo kufuata mwanga. Chini ya picha ya sultani kuna jina na cheo. Chini ya picha ya mwanamke pameandikwa kabila au aina, yaani "mwanamke wa Kiswahili", "mrembo wa Zanzibar", kana kwamba ni ndege wa kwenye kitabu cha viumbe.

Nikiziangalia kadi hizo, jicho langu la kazi huenda moja kwa moja kwenye mikono. Mkono haujiweki kiunoni wenyewe. Kuna mtu alisema, weka hapo. Sultani pia aliambiwa aketi namna fulani, lakini picha ilikuwa yake. Ya mwanamke ilikuwa ya mnunuzi ambaye hakuwa hata chumbani. Kumbuka hiyo, kwa sababu bado tunaye huyo mnunuzi asiyekuwepo. Siku hizi tunamwita soko.

Sasa twende Mombasa. Kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, N. V. Parekh aliendesha studio mjini humo, na wateja wake walikuwa Mombasa yenyewe: Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Ukiziona picha zake hutazisahau. Wapenzi wameegemeana paji kwa paji kama mabango ya sinema. Marafiki wawili wa kike wamevaa sare. Vijana wa kiume wameshikana mabega, nywele zinang'aa mafuta. Wanawake waliopita barabarani na buibui waliweza kulivua ndani ya studio na kupigwa picha na gauni la fasheni, picha ikarudi nyumbani kwa wanaohusika tu.

Mtafiti Isolde Brielmaier, aliyezungumza na Parekh pamoja na wateja wake, anaonyesha kwamba mapozi yale yalitokana na maelewano. Mteja alikuja na wazo lake, pengine kutoka kwa filamu ya Kihindi aliyoiona. Parekh alijua taa na pembe. Wakavutana, wakakubaliana. Hebu fikiria umbali kati ya hapo na ile postikadi. Amri ni zile zile, geuka, sogea, inua kidevu, lakini sasa aliyezisema analipwa na anayeambiwa, na picha ikiharibika kuna mtu wa kulalamika.

Magharibi mwa bara letu, Seydou Keïta alifika mahali hapo hapo kwa njia yake. Alifungua studio Bamako mwaka wa 1948. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye nyuzi za kuning'inia. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipata mbofyo mmoja tu. Mmoja! Sisi tunapiga mia tatu tukichagua kumi. Keïta alilazimika kumaliza mazungumzo yote kabla ya kubofya. Ukutani alibandika picha za mfano, mteja akaonyesha kwa kidole: nataka kama hii. Alikuwa na saa, redio, suti, hata Vespa ya kuazima. Kisha yeye akarekebisha kichwa na mikono hadi ikae.

Ule ukuta wa picha za mfano ni fundisho kubwa kuliko unavyoonekana. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera hana maneno ya kusema anachotaka. Ukimuuliza, "Unataka pozi gani?" anaganda. Ukimwonyesha picha sita, mdomo unafunguka. Leo ukuta huo uko ndani ya simu: mteja anakuja na picha alizohifadhi, wengine huona aibu kuzionyesha, na mimi huziomba kabla sijagusa kamera.

Turudi pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kando ya feri ya Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vya mbao na kuvipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa marefu. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na wateja wao wengi pia: vibarua, mayaya, wafanyakazi wa hoteli waliotaka kutuma picha nyumbani. Hapo uelekezaji ulikuwa ni kumsaidia mtu acheze sehemu yake. Ukisimama mbele ya ndege iliyochorwa, unasimamaje? Kama abiria. Macho mbali kidogo, mguu mmoja mbele, uso wa mtu aliye na tiketi. Kibarua alivuka feri kila siku kwa miguu, lakini kwa dakika hiyo alikuwa anasafiri, na mama kijijini angepokea habari njema kwa bahasha. Kisha Agosti 1997 machafuko ya Likoni yakawalenga watu wa bara, na ulimwengu ule mdogo wa vibanda ukavunjika. Wapiga picha walikimbia pamoja na wateja wao.

Mpaka hapa unaweza kudhani historia hii inaenda tu kuwa nzuri. Weka picha mbili kando kwa kando.

Tarehe 30 Desemba 1941, mjini Ottawa, Yousuf Karsh alipewa dakika chache za kumpiga picha Winston Churchill. Ndiyo, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tena Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka wa 1952. Karsh alimwomba atoe sigara mdomoni. Akakataa. Karsh akamsogelea, akaichomoa, akarudi kwenye kamera na kubofya. Ule uso wa hasira ukawa mojawapo ya picha mashuhuri zaidi duniani, leo iko hata kwenye noti ya pauni tano. Hadithi hii husimuliwa kwa wapiga picha wachanga kama ushujaa: usiogope, mchokoze mtu, pata hisia.

Picha ya pili. Mwaka wa 1960, Algeria, wakati wa vita vya uhuru. Marc Garanger, kijana wa Kifaransa aliyelazimishwa kuingia jeshini, aliamriwa na mkubwa wake kuwapiga picha za vitambulisho wanakijiji waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu. Alipiga kama watu 2,000, wengi wao wanawake, ndani ya siku kumi. Waliketi kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe, wakaamriwa kuvua mitandio. Wengi hawakuwahi kuonekana hivyo na mwanamume asiye wa familia. Ukitazama zile picha, ambazo Garanger mwenyewe alizichapisha baadaye kuupinga ule ukoloni, hakuna mdomo unaosema kitu. Macho ndiyo yanakataa.

Wote wawili walimwondolea mtu kitu bila idhini, wakapata picha kali. Tofauti ni kwamba Churchill angeweza kumfukuza Karsh chumbani kwa neno moja. Wale wanawake hawakuwa na neno kama hilo. Kwa hiyo nikisikia mtu akifundisha kwamba mwanamitindo lazima "asukumwe" ndiyo hisia zitoke, huwa namuuliza: huyo unayemsukuma, mlango uko upande gani, na anaweza kuutumia?

Studio za sasa Nairobi zina jambo ambalo Parekh hakuwa nalo mara nyingi. Anayelipa si anayepigwa. Chumbani tuko watu watatu: mwenye bidhaa, mwanamitindo na mimi. Mwanamitindo mara nyingi ana miaka ishirini, amepanda matatu mbili kufika, na anajua kuna wengine hamsini wanangoja nafasi yake. Hali hiyo inafanana na ile postikadi kuliko tunavyopenda kukubali.

Ndiyo maana nimetengeneza mazoea, na karibu yote yana mizizi kwenye hii historia. Sisemi kulia wala kushoto, maana tukiangaliana kila kitu kinageuka. Nasema mkono wenye saa, bega la upande wa dirisha. Badala ya kueleza pozi, nasimama nalifanya mwenyewe, yeye ananiiga kama kioo, na tukicheka kitambi changu basi mabega yake yameshuka bila kuambiwa. Napenda kutoa kitendo kuliko umbo: "tembea kama unachelewa" huleta miguu mizuri kuliko "weka mguu hivi". Kidevu kikihitaji kusogea, nasema atoe uso mbele kama kobe. Anahisi kichekesho, lakini taya linakatika safi. Sinyamazi, kwa sababu kimya cha mpiga picha humfanya mtu ajione amekosea. Kola ikikunjamana, namwambia airekebishe mwenyewe, au naomba ruhusa kwanza na nangoja jibu. Na kila baada ya picha chache namwonyesha kioo cha kamera, ajue tunatengeneza nini.

Kuna siku mwenye nguo, akiwa nyuma yangu, aliendelea kunipigia kelele: "Mwambie afungue vifungo viwili. Mwambie alegeze." Dada aliyekuwa mbele ya taa hakusema kitu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kifungo. Niliishusha kamera.

"Dada, hii uko sawa nayo?"

Alimwangalia mwenye nguo, akaniangalia mimi. "Sitaki hiyo."

"Sawa. Basi tuendelee na ile ya koti."

Mwenye nguo aliguna, akakunja mikono. Picha ya koti ndiyo aliyoishia kuchapisha, na kwa kweli ilikuwa nzuri, ingawa hata ingekuwa mbaya jibu lingebaki lile lile. Swali langu lilikuwa na maneno matano. Tangu hapo nauliza kabla ya kuwasha taa, mwenye nguo akiwepo, ili kila mtu asikie jibu: nini uko tayari kufanya, nini hutaki. Halafu ndiyo nasema, haya, inua kidevu kidogo.